Mgonjwa wa Asbesto Asihesabiwe Siku Asizozijua

Sheria za fidia za nchi nyingi zilitungwa na watu waliokuwa na jeraha katika fikira zao. Mchukuzi aliyeangukiwa na gunia bandarini, seremala aliyekatwa vidole na msumeno, na mwashi aliyeporomoka kutoka juu ya ukuta huumia mchana kweupe mbele ya wenziwe. Saa ya msiba hujulikana, mahali hujulikana, bwana wa kazi hujulikana, na mashahidi huwapo wa kusema waliyoyaona. Maradhi yaletwayo na vumbi la asbesto hayaingii katika utaratibu huo hata kidogo, kwa kuwa mtu hulivuta vumbi hilo akiwa kijana mwenye nguvu zake, asisikie maumivu yoyote, akaacha kazi, akahama mji, akazaa na kuozesha, na baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati kampuni iliyomwajiri imekwisha kuuzwa au kufutwa na wengi wa wenziwe wamekwisha kufariki, ndipo pumzi zinapoanza kumkatika. Kumwambia mtu wa namna hiyo alete ushahidi ule ule, katika muda ule ule, aliotakiwa kuuleta yule aliyeangukiwa na gunia, ni kumdhulumu kwa maneno ya adabu. Rai yangu ni kwamba mgonjwa wa asbesto hataipata insafu mpaka sheria ikubali mambo mawili: siku zake za kudai zihesabiwe tangu alipoyajua maradhi yake na asili yake, na wajibu wa kutunza kumbukumbu za kazi uwe juu ya yule aliyeifaidi kazi hiyo, kabla ya maradhi kutokea na wala si baada yake.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini kama mawe na kuchambuliwa yakawa nyuzi, nyembamba hata jicho haliwezi kuuona uzi mmoja peke yake, zisizoungua kwa moto wala kuoza kwa maji. Kwa sifa hizo ilipendwa sana katika karne iliyopita, ikatiwa katika mapaa na mabomba ya saruji na katika breki za magari, ikaviringishwa kwenye matangi ya mvuke ya meli, ya magarimoshi na ya viwanda. Nyuzi zikivutwa huingia ndani ya mapafu na kukaa humo, na mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha wala kuzitoa zote. Hatimaye huleta asbestosisi, ambayo ni makovu yanayoyafanya mapafu kuwa magumu yasiweze kutanuka. Au saratani ya mapafu. Au mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au matumbo, ambayo aghalabu humwondoa mgonjwa duniani baada ya mwaka mmoja hivi tangu kutambuliwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo katika kazi zao.

Habari ya fidia hii ina mwanzo wa kuhuzunisha. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, aliyeingia viwandani akiwa na umri wa miaka 12, alisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers mpaka afya yake ilipoharibika. Tabibu wake aliandika katika cheti kwamba ameingiwa na sumu ya asbesto. Alipoomba msaada wa bima ya taifa aliambiwa kuwa maradhi yake yametokana na kazi, basi na amwendee mwajiri. Na alipomwendea mwajiri aliambiwa kuwa maradhi hayo hayamo katika orodha ya maradhi yanayolipiwa fidia. Akawa anasukumwa baina ya madirisha mawili, na kila dirisha lina karatasi ya kumkana. Alikufa tarehe 14 Machi 1924, akiwa na umri wa miaka 33, bila ya kulipwa kitu, na kaburi lake halikuwekewa alama. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake na kuzitangaza habari zake katika jarida la matabibu mwaka ule ule. Mwaka 1930 mkaguzi wa viwanda wa serikali, Edward Merewether, akatoa taarifa iliyothibitisha kuwa vumbi hilo huua. Na mwaka 1931 zikawekwa kanuni za kulidhibiti vumbi pamoja na mpango wa kuwalipa walioathirika. Tangu mwaka huo hapana mfanya biashara mkubwa wa asbesto katika Uingereza awezaye kusimama mbele ya hakimu kwa haki na kusema kwamba hakujua.

Mdai wa leo, awe anakaa Leeds, Houston au Johannesburg, hutakiwa kuthibitisha mambo matano, ingawa kila nchi ina namna yake ya kuyauliza. Kwanza, kwamba anaumwa, na kwamba maradhi yake ni ya asbesto. Hili ni la matabibu, nao hulithibitisha kwa picha ya mapafu, kwa kipimo cha pumzi, na penginepo kwa kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini. Pili, kwamba alikutana na asbesto: wapi, lini, kwa muda gani, na katika kazi ya nani. Tatu, kwamba mwajiri au mtengenezaji alijua hatari hiyo, au ilimpasa kuijua. Nne, kwamba dai lake halijapitwa na wakati. Tano, kwamba yuko mtu au kampuni iliyo hai mbele ya sheria, yenye mali au bima, ya kulipa.

Wakili mwenye kuijua kazi hii huanza kwa kumketisha mgonjwa na kumwuliza maisha yake yote. Ulianza kazi mwaka gani, na nani alikuandika? Chumba kilikuwa na madirisha mangapi, na vumbi lilifagiliwa wakati gani, watu wakiwapo au wakiwa wamekwisha kuondoka? Magunia yalikuwa na chapa gani? Nani alisimama karibu nawe, na yu hai? Nguo zako za kazi zilifuliwa wapi, na nani? Swali hili la mwisho haliulizwi bure, kwa kuwa wamekuwapo wake na watoto wa wafanyakazi walioingiwa na mesothelioma bila ya kukanyaga kiwandani, kwa kukung'uta na kufua nguo za baba alizorudi nazo jioni. Maelezo hayo huandikwa mapema na kutiwa sahihi mbele ya shahidi, kwa sababu wakili ajua kwamba shauri huenda likaishi kuliko mteja wake, na kwamba warithi watahitaji sauti ya marehemu itakapokuwa imekwisha kunyamaza.

Katika mambo hayo matano, lililowafukuza watu wengi mahakamani pasipo hata kusikilizwa ni lile la muda. Mwaka 1963 majaji wakuu wa Uingereza waliletewa shauri la mafundi wa vyuma wa Sheffield walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe, ambalo huumiza kwa siri na kwa taratibu kama lifanyavyo vumbi la asbesto. Majaji waliona kwamba sheria ya siku hizo haikuwaachia nafasi: muda ulianza kuhesabiwa siku mapafu yalipodhurika, ingawa wagonjwa hawakujua wala wasingaliweza kujua, na kwa hiyo madai yao yalikwisha kufa kabla wenyewe hawajajiona kuwa wagonjwa. Walitoa hukumu hiyo huku wakisema waziwazi kwamba matokeo yake hayakubaliani na akili. Sheria ya namna hiyo ni kama chombo kilichong'oa nanga kabla abiria hajaarifiwa kwamba ana safari, kisha akatozwa faini kwa kuchelewa. Bunge la Uingereza lilishtuka, na mwaka ule ule likabadili sheria ili mdai asiyejua asipoteze haki yake; na kwa sheria ya mwaka 1980 mdai ana miaka 3 inayohesabiwa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ameumia na nani alimuumiza.

Mabadiliko hayo yalivuka bahari yakafika kwetu. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, Sura ya 22, humpa mtu aliyedhurika kwa uzembe wa mwenziwe miaka 3 ya kushtaki. Lakini kifungu chake cha 27 huiruhusu mahakama kumwongezea muda yule ambaye mambo ya msingi ya dai lake yalikuwa nje ya ujuzi wake, alimradi aombe ruhusa na ashtaki katika mwaka mmoja tangu alipoyajua. Hiyo ni rehema, na ni vema ijulikane. Lakini mwaka mmoja ni muda mfupi sana kwa mzee wa kijijini aliyeambiwa na tabibu wa mjini jina la ugonjwa ambalo hajapata kulisikia, ambaye lazima amtafute wakili, atafute barua ya kazi ya miaka 40 iliyopita, na aitafute nauli ya kumfikisha kwa wote wawili, ilhali pumzi hazimtoshi kupanda ngazi.

Jambo la mwajiri kujua au kutojua lilifunguliwa kwa kishindo katika Marekani. Clarence Borel wa Texas alikuwa fundi wa kufunika mabomba na matangi kwa asbesto tangu mwaka 1936 mpaka mwaka 1969. Katika ushahidi wake alieleza jinsi vumbi lilivyokuwa likimjaa puani, akalipenga kila jioni baada ya kazi, na jinsi alivyokuwa akijipaka dawa ya mafuta ndani ya pua ili lisimshuke kooni. Wafanyakazi waliliona kuwa ni kero, wala hawakuambiwa kuwa ni mauti. Aliwashtaki watengenezaji mwaka 1969, akafa mwaka 1970 kabla ya shauri kusikilizwa, na mjane wake akaliendeleza. Mwaka 1973 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikubali kwamba mtengenezaji hupaswa kuijua bidhaa yake kama mtaalamu aijuavyo, kuipima, na kumwonya kila atakayeitumia, na kwamba kunyamaza kwake ni kosa. Fedha zilizotolewa zilizidi kidogo dola 79,000, lakini mlango uliofunguliwa ulipitwa na maelfu kwa maelfu. Na mwaka 1977 zikatokea hadharani barua za miaka ya 1930, zilizoandikwa na wakubwa wa biashara hiyo wao kwa wao, ambamo walishauriana kwamba kadiri asbesto itakavyozungumzwa kidogo ndivyo watakavyosalimika zaidi. Mfanyakazi hakuwa na barua yoyote. Barua zilikuwa kwa bwana, zimefungwa kabatini.

Kisha kuna fumbo la waajiri wengi. Mtu aliyefanya kazi kwa mabwana watatu, kila mmoja akamvutisha asbesto, hawezi kusema ni vumbi la nani lililomwanzishia mesothelioma, wala hakuna tabibu duniani awezaye kumsemea. Mwishoni mwa mwaka 2001 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kwamba kwa kuwa mdai hawezi kumtaja mwenye kosa kwa yakini, basi wote huru. Yaani kadiri mtu alivyodhulumiwa na wengi, ndivyo alivyokosa wa kumlipa. Mwaka 2002, katika shauri la Fairchild, majaji wakuu waliitengua hukumu hiyo, wakasema yatosha kuthibitisha kwamba kila mwajiri aliiongeza hatari kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2006 majaji hao hao, katika shauri la Barker, walipunguza makali: kila mwajiri alipe fungu lake tu, na fungu la aliyefilisika likamwangukia mgonjwa. Haikupita miezi 3 bunge likatunga sheria inayompa mgonjwa wa mesothelioma haki ya kudai fidia yake yote kwa mmoja wao, naye huyo akadaiane na wenziwe. Nautaja mfuatano huu kwa makusudi, kwa sababu waonyesha kuwa ugumu wa ushahidi haukuteremshwa na mbingu. Ni watu waliouweka na ni watu waliouondoa, kila walipokubali kwamba hasara ya kutojua imwangukie aliyerusha vumbi kuliko aliyelivuta.

Lililowatesa zaidi watu wa bara letu ni lile la tano, la nani alipe, na kisa chake kikubwa ni cha kampuni ya Cape. Kampuni hiyo iliundwa London mwaka 1893 kwa ajili ya asbesto ya Afrika Kusini. Ikachimba asbesto ya buluu huko Koegas, ikawa na kinu katika mji wa Prieska kando ya mto Orange, na upande wa kaskazini, mahali paitwapo Penge, ikachimba asbesto ya kahawia. Daktari wa serikali, Gerrit Schepers, aliyefika Penge mwaka 1949, alisimulia baadaye yale aliyoyaona: watoto wametiwa ndani ya magunia makubwa ya kusafirishia, wakizikanyaga nyuzi ili zishindiliwe, na nyuzi nyingine zikiwamiminikia vichwani kutwa nzima, huku msimamizi mwenye kiboko akihakikisha kuwa miguu haipumziki. Mwaka 1960 matabibu watatu, Wagner, Sleggs na Marchand, walitangaza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya Jimbo la Rasi, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakupata kuchimba wala kusaga, ila walizaliwa au kukulia karibu na machimbo. Dunia nzima ya matabibu ilikijua chanzo cha maradhi hayo kwa sababu ya wagonjwa hao; lakini kujulikana kwao katika majarida hakukuwapa wao wala watoto wao chochote.

Mwaka 1979 Cape iliacha kuchimba, na wakati wagonjwa walipoinuka kudai haikuwa tena na mali nchini humo. Wachache wakafungua shauri London mwaka 1997, na maelfu wakawafuata. Kampuni haikuanza kwa kujibu kama ilidhuru au haikudhuru. Ilisema shauri lipelekwe Afrika Kusini, kwa maana huko ndiko yaliko machimbo, mashahidi na wagonjwa wenyewe. Hoja hiyo ina sura ya busara kwa anayeitazama kwa mbali. Kwa wachimba migodi maskini ilikuwa na maana nyingine kabisa: msaada wa serikali wa kuwalipia mawakili katika mashauri kama hayo ulikuwa umeondolewa huko kwao, na hapakuwa na matumaini ya kupata mawakili na wataalamu ambao wangeweza kuubeba mzigo wa maelfu ya wadai kwa miaka mingi bila ya malipo. Tarehe 20 Julai 2000 majaji wakuu wa Uingereza, wa Baraza la Malodi, Lord Bingham akitoa hukumu iliyoongoza, waliamua kwa kauli moja kwamba kulirudisha shauri kungekuwa ni kuwanyima watu hao haki, kwa hiyo lisikilizwe Uingereza.

Yafaa kukumbuka kwamba baada ya miaka zaidi ya 3 ya mabishano, ushindi huo ulikuwa ni wa kuruhusiwa kusikilizwa tu. Mwisho wa mwaka 2001 kampuni ilikubali kutoa pauni milioni 21 kwa wadai 7,500. Kisha ikashindwa kulipa, na mwaka 2003 ukafikiwa mwafaka mpya ambao Cape ilitoa pauni milioni 7.5, yaani wastani wa pauni 1,000 kwa kila mdai, na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Gencor ikaongeza fungu lake na kuanzisha mfuko wa amana uitwao Asbestos Relief Trust kwa ajili ya wagonjwa wa migodi yake. Mwaka 2006 ulifuata mfuko wa pili, Kgalagadi Relief Trust. Wadai wengi walikuwa wamekwisha kufa. Sikatai kwamba pauni 1,000 mikononi mwa mjane wa Prieska ni kitu. Nasema kwamba mtu aliyetoa mapafu yake hakutendewa haki alipopimiwa malipo kwa kilichosalia sandukuni mwa aliyemdhulumu.

Mifuko ya amana ni njia ambayo Marekani imeitumia kuliko wengine. Kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa kubwa kupita zote katika biashara hii, ilijitangaza kuwa muflisi mwaka 1982 kwa kuzidiwa na madai, na mwaka 1988 ukaanza mfuko uliojazwa kwa mali yake. Mgonjwa halazimiki kwenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Hupeleka cheti cha tabibu na ithibati ya kazi yake, na maradhi yake yana kiwango kilichokwisha kuandikwa. Lakini waliodai walikuwa wengi kuliko waliokadiriwa, na mfuko ukalazimika kulipa asilimia 10 ya thamani ya dai, na baadaye asilimia 5. Uingereza iliongeza tiba nyingine mwaka 2014: mgonjwa wa mesothelioma ambaye mwajiri wake hayupo tena na bima yake haijulikani ilipo hulipwa kutoka katika mfuko unaochangiwa na makampuni yanayouza bima ya waajiri, kwa kuwa biashara hiyo ya bima ndiyo iliyopokea ada za zamani na kuzipoteza hati. Na mwaka 2012, katika shauri la Chandler, mahakama ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni mama iliyoielewa hatari na kuisimamia afya ya wafanyakazi wa kampuni tanzu haiwezi kujificha nyuma ya jina la mtoto wake aliyekwisha kufutwa.

Wako watakaosema kwamba kuacha madai wazi kwa miaka 40 ni kumwonea mwajiri, kwa kuwa mashahidi hufa, karatasi hupotea, na bima haiwezi kukadiria deni lisilo na mwisho. Hoja hii yastahili jibu, maana haki ni ya pande zote mbili. Jibu langu ni kwamba aliyekuwa na uwezo wa kuzitunza karatasi ni mwajiri, aliyekuwa na makarani, makabati na mawakili. Mfanyakazi alikuwa na kadi moja ya kazi, na mara nyingi hata hiyo ilibaki ofisini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uhai wa mtu ni mali kuliko mali zote. Anayeogopa kuulizwa baada ya miaka 40 na aandike leo. Uingereza humlazimisha mwajiri kutunza kumbukumbu za afya za wafanyakazi wa asbesto kwa muda usiopungua miaka 40, na viwanda vyake havikufungwa kwa sababu ya madaftari.

Basi na sisi tujitazame. Mapaa ya asbesto yangaliko katika skuli, nyumba za watumishi na majengo ya zamani ya nchi zetu, na Kenya imeiandika asbesto miongoni mwa taka za hatari katika kanuni zake za mwaka 2006. Mapaa hayo yamezeeka na yanashushwa. Kijana anayelipwa kwa siku kulivunja paa hilo kwa nyundo, bila ya kinga ya pua, bila ya maji ya kulilaza vumbi, na bila ya jina lake kuandikwa popote, akiwa na umri wa miaka 22, huenda akaanza kukohoa akiwa na miaka 55. Na siku hiyo hakuna hakimu, hata awe mwadilifu namna gani, atakayeweza kumsaidia, kwa sababu hakuna karatasi itakayosema kwamba alikuwa juu ya paa lile.

Vyombo vya kumlinda hatuvikosi. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unaochangiwa na waajiri, ambao haumlazimishi mgonjwa kuthibitisha kosa la bwana wake. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wafanyakazi walioumia kazini, yenye orodha ya maradhi ya kazi, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019, basi dai huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini kabla ya kufika mahakamani. Vyombo hivi ni vyema, na aliyevianzisha alitenda jambo jema. Kinachohitajika ni kuvitia nguvu kwa maradhi yasiyokuwa na haraka.

Nawaomba wabunge wetu, kwanza, waandike katika sheria kwa maneno yasiyo na shaka kwamba kwa maradhi ya asbesto siku huanza kuhesabiwa tangu tabibu alipomjulisha mgonjwa maradhi yake na asili yake, na kwamba muda huo usipungue miaka 3. Pili, wamlazimishe kila anayeshusha au kutengeneza kitu chenye asbesto, iwe serikali au mkandarasi, kuandika jina la kila mfanyakazi, mahali, siku na kinga aliyopewa, na nakala ipelekwe kwa wakala wa usalama wa kazi itunzwe kwa miaka isiyopungua 40. Tatu, kampuni inapofungwa au kuuzwa, daftari hilo na hati za bima vikabidhiwe serikalini kabla ya kufutwa jina lake. Nne, mke, mume na mtoto walioumwa kwa vumbi lililoletwa nyumbani wahesabiwe kuwa wadai sawa na aliyelileta. Nawaomba matabibu nao wamwulize kila mzee mwenye kikohozi kisichokoma na pumzi fupi, baada ya kupima kifua kikuu, swali hili moja: ulikuwa ukifanya kazi gani ujanani?

Na wewe msomaji, ikiwa baba yako au mama yako alifanya kazi katika karakana ya reli, chumba cha mitambo ya meli, kiwanda cha saruji ya mapaa au karakana ya breki, mketishe wiki hii ukaandike: miaka ya kazi, mahali, jina la kampuni, majina ya wenziwe walio hai, na kama palikuwa na vumbi. Itafute kadi yake ya kazi na vipande vya mishahara, uvihifadhi pamoja na hati za nyumba. Akiwa na afya, mshukuru Mungu na uiweke karatasi hiyo. Akiumwa, mpe tabibu aisome siku ya kwanza, na umwone wakili au ofisi ya fidia mwezi ule ule, usingoje mwaka uishe.